Haki ya Kuchukua Silaha Hadharani: Kitenzi Kimoja na Mabishano ya Wamarekani

Katika Katiba ya Marekani mna sentensi moja ambayo mwalimu ye yote wa tafsiri angeweza kuwapa wanafunzi wake iwe zoezi la muhula mzima. Ni ile iitwayo Marekebisho ya Pili, iliyothibitishwa tarehe 15 Desemba 1791, ambayo kwa Kiingereza ina maneno 27 tu. Sisi tungeiandika hivi kwa Kiswahili: Kwa kuwa mgambo uliowekwa katika utaratibu mwema ni lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu ya kuweka na kuchukua silaha haitavunjwa. Maneno hayo machache yamewapeleka Wamarekani mahakamani mara nyingi, na swali mojawapo lililokawia sana kupata jawabu ni hili: je, mtu aliye na haki ya kuweka bunduki nyumbani mwake ana haki pia ya kutoka nayo barabarani, sokoni na kanisani? Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi mabishano hayo yalivyoanza na mahali yalipofika, kwa sababu mna ndani yake mambo ya lugha ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuyapita bila kusimama.

Neno mgambo kwetu halina taabu. Wazee waliita mgambo mbiu ya pembe iliyowakusanya watu, na kutokana nayo tukapata methali isemayo La mgambo likilia lina jambo. Baadaye neno likahamia kwa raia wenyewe wanaofunzwa kulinda nchi bila kuwa askari wa mshahara. Mgambo wa makoloni ya Marekani ulikuwa karibu sana na maana hiyo ya kale. Wanaume wa kijiji, kila mmoja na bunduki yake ukutani, walikutana uwanjani kwa mazoezi, na mwito ukija walitoka.

Taabu imo katika kitenzi cha pili. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika humo chaweza kuwa na maana ya kuchukua mzigo, ya kuzaa, na hata ya kuvumilia, na kikiunganishwa na neno silaha kilikuwa, katika karne ya 18, msemo wa kutumika vitani. Kiswahili hakimpi mfasiri nafasi ya kujificha katika neno moja. Tukisema fulani amechukua bunduki, msikiaji atamwona mtu anapita na bunduki begani, labda anakwenda kuvizia nguruwe wanaoharibu mihogo. Tukisema wananchi wameshika silaha, msikiaji atauliza vita viko wapi. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kushika silaha amekwisha kuwapa ushindi wale wasemao kwamba haki hii ni ya mgambo tu. Anayeandika kuchukua silaha amewapa wapinzani wao. Sisi tumeandika kuchukua kwa sababu ndivyo Mahakama Kuu ya Marekani ilivyokisoma kitenzi hicho mwaka wa 2008, kama tutakavyoona.

Hata hivyo, kadiri tulivyoisoma historia hii ndivyo tulivyozidi kuona kwamba mawakili hubishana juu ya kitenzi, hali wenye mamlaka wamekuwa wakiamua mambo kwa nomino: watu. Watu ni nani? Sheria ya mgambo iliyopitishwa na Kongresi mwaka wa 1792 ilimwandikisha kila raia mwanamume aliye huru, mweupe, mwenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 45, ikamtaka ajipatie bunduki kwa fedha yake mwenyewe. Waliobaki nje ya sheria ile walikuwa wengi kuliko waliomo.

Mizizi ya jambo hili iko Uingereza, na majaji wa Marekani wamelazimika kuichimba mpaka wakachoka. Mwaka wa 1328, katika enzi ya Mfalme Edward III, ilitolewa huko Northampton amri iliyokataza mtu kwenda kwa miguu au juu ya farasi akiwa na silaha, usiku au mchana, katika magulio, masoko, au mbele ya majaji wa mfalme. Miaka zaidi ya 350 baadaye, mwaka wa 1686, amri hiyohiyo ilitumiwa kumshtaki Sir John Knight wa Bristol, ambaye ilidaiwa kwamba alitembea mitaani na silaha na kuingia nazo kanisani. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia. Kesi hiyo imekuwa kama kitambaa kinachovutwa na watoto wawili. Upande mmoja husema Knight aliachiliwa kwa sababu kuchukua silaha hakukuwa kosa mpaka mtu akusudie kuwatia watu hofu. Upande wa pili hujibu kwamba kushtakiwa kwake kunaonyesha kuwa amri ile ilikuwa hai bado. Mwaka wa 1689 Bunge la Uingereza liliandika kwamba raia Waprotestanti waweza kuwa na silaha za kujilinda, kwa kadiri ya hali zao na kama sheria inavyoruhusu. Hapa tena nomino ndiyo inayosema: Wakatoliki hawamo, na maskini wamo kwa kadiri ya umaskini wao.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ugomvi ulihamia katika majimbo ya kusini ya Marekani, ambako watu walikuwa wepesi wa kuona wamevunjiwa heshima na wepesi zaidi wa kuchomana visu. Kentucky na Louisiana zilitunga sheria mwaka wa 1813 za kukataza silaha zilizofichwa nguoni. Mwaka wa 1822 mahakama ya Kentucky iliibatilisha sheria ya jimbo lake, katika kesi ya mtu aliyekutwa na upanga ndani ya bakora. Wananchi hawakuridhika, wakaandika katika katiba yao mpya ya mwaka wa 1850 kwamba Bunge la jimbo laweza kukataza silaha za kufichwa. Mahakama ya Georgia ilisema mwaka wa 1846 kwamba kukataza silaha ya siri ni halali, bali kukataza silaha inayoonekana wazi ni kinyume cha Katiba, na mahakama ya Louisiana ikafuata njia hiyo mwaka wa 1850. Mawazo yao yalikuwa kwamba mwungwana huonyesha silaha yake, na mwenye kuificha ana nia ya kuua kwa hila. Siku hizi desturi imegeuka. Watu wengi katika miji ya Marekani hushtuka wakiona bastola kiunoni mwa mteja mwenzao dukani, na wenye silaha wenyewe aghalabu hupendelea kuificha.

Majimbo ya kaskazini yalikuwa na njia nyingine, nayo yatupendeza kwa busara yake. Sheria ya Massachusetts ya mwaka wa 1836 ilimruhusu mtu mwenye hofu ya haki kwenda kumlalamikia hakimu juu ya jirani anayetembea na silaha. Ikiwa jirani huyo hakuwa na sababu ya kuogopa kushambuliwa, aliweza kutakiwa aweke dhamana ya fedha kwamba hatavunja amani.

Sasa tufike penye uzito wa jambo lenyewe. Mwaka wa 1857 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake. Jaji Mkuu Roger Taney alikataa kwamba Mtu Mweusi aweza kuwa raia, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba, akiwa raia, angekuwa na haki ya kuweka silaha na kuzichukua po pote aendapo. Yafaa msomaji aitazame hoja hiyo kwa makini. Taney hakuwa na shaka kabisa juu ya kitenzi. Alijua kwamba raia hutembea na silaha yake, na kwa sababu hiyohiyo alitaka nomino ifungwe mlango.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipokwisha, mwaka wa 1865, jimbo la Mississippi lilitunga sheria kwamba Mtu Mweusi asiyekuwa katika utumishi wa jeshi, na asiyepata leseni kutoka kwa wakuu wa wilaya yake, asiweke wala kuchukua bunduki, risasi, jambia wala kisu kikubwa. Ndiyo mojawapo ya sheria zilizochochea Kongresi kutunga Marekebisho ya 14, yaliyothibitishwa mwaka wa 1868, yenye kumhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Tangu hapo haikuwezekana kuandika rangi ya mtu katika sheria ya silaha. Iliwezekana kuandika leseni. Florida ilitunga mwaka wa 1893 sheria ya kutaka leseni kwa bunduki za kufyatua mfululizo, na sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu ye yote. Mwaka wa 1941 kesi moja ilipofika katika mahakama ya juu ya jimbo hilo, Jaji Rivers Buford aliandika bila kificho kwamba sheria ile ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua Weusi, na kwamba haikukusudiwa kamwe kuwahusu Wazungu, wala katika utekelezaji haikuwahi kuwahusu.

Sisi watu wa bara hili tunayafahamu mambo ya namna hiyo kwa njia yetu wenyewe. Mapatano yaliyotiwa sahihi Brussels mwaka wa 1890 na madola makubwa ya wakati ule, kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa, yalizuia pia bunduki za kisasa kuingizwa katika Afrika yote iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, kwa masharti, ni gobori la jiwe na baruti ya kawaida. Sababu ilikuwa njema kuandikwa. Lakini walioandika ndio waliobaki na bunduki nzuri, na miaka iliyofuata ilionyesha zilitumikaje.

Katika Montgomery, jimbo la Alabama, nyumba ya Martin Luther King ilitupiwa bomu mwezi wa Januari 1956. Mhubiri huyo, ambaye dunia inamkumbuka kwa kupinga matumizi ya nguvu, aliomba kibali cha kuchukua bastola, akanyimwa. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na vitisho vilimjia kila siku. Kama si yeye, nani angeweza kusemwa kuwa ana sababu? Miaka 11 baadaye, huko California, mambo yalikwenda kinyume. Vijana wa chama cha Black Panther mjini Oakland waligundua kwamba sheria ya jimbo iliwaruhusu kutembea na bunduki zinazoonekana, wakaanza kuwafuata polisi na kuwatazama wakiwakamata watu. Mbunge Don Mulford alileta mswada wa kukataza jambo hilo. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama hao waliingia katika jengo la Bunge mjini Sacramento wakiwa na bunduki zao, na mwezi wa Julai Gavana Ronald Reagan akatia sahihi sheria. Chama cha Republican, ambacho baadaye kilijulikana kwa kutetea bunduki, siku hiyo hakikuona kwamba haki ya mtu imevunjwa.

Wasomaji waliokulia katika sinema za kauboi watashangaa kusikia kwamba hata miji ya magharibi haikuwa na uhuru unaodhaniwa. Tombstone, katika Arizona ambayo haikuwa jimbo bado, ilikuwa na sheria ndogo ya mwaka wa 1881 iliyokataza silaha mjini bila kibali. Mapigano mashuhuri ya tarehe 26 Oktoba 1881, yaliyoua watu watatu, yalitokea Virgil Earp na ndugu zake walipokwenda kuwanyang'anya silaha watu waliodaiwa kuivunja sheria hiyo.

New York ilitunga sheria yake mwaka wa 1911, iliyoitwa kwa jina la Seneta Timothy Sullivan, na muda si mrefu ikaongezwa sharti kwamba mwenye kuomba kibali cha kuchukua bastola hadharani aonyeshe sababu ya kutosha. Kutosha kwa nani? Kwa afisa anayetoa kibali. Kuogopa wezi kama wanavyoogopa watu wote hakukuhesabiwa.

Hayo ndiyo yaliyokuwapo Mahakama Kuu ilipoamua, tarehe 26 Juni 2008, kesi ya Wilaya ya Columbia dhidi ya Heller. Majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba haki ya Marekebisho ya Pili ni ya mtu binafsi, nje ya mgambo, na Jaji Antonin Scalia akaeleza kwamba kitenzi kile maana yake ni kuchukua silaha tayari kwa mapambano. Jaji John Paul Stevens alipinga akisema ni msemo wa kijeshi. Wataalamu wa lugha, Profesa Dennis Baron akiwa mmoja wao, walikuwa wamepeleka mahakamani waraka wa kuunga mkono maana ya kijeshi. Na baadaye, mkusanyo mkubwa wa maandishi ya enzi ile ulipowekwa katika kompyuta katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, uchunguzi ulionyesha kwamba matumizi ya kijeshi ndiyo yaliyotawala. Kwa upande wa lugha peke yake, sisi twaona Stevens alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi. Lakini Katiba husomwa pia na watu walioishi baada ya Taney na baada ya Mississippi, nao wana haki ya kuuliza nini kiliwapata walioambiwa kwamba sentensi ile haiwahusu.

Kesi ya mwaka wa 2008 ilihusu bastola ya nyumbani tu. Mwaka wa 2010 haki hiyo ilitamkwa kuwa inayafunga majimbo pia, na mwezi wa Desemba 2012 Jaji Richard Posner wa mahakama ya rufani iliyoko Chicago aliandika hukumu ya kuibatilisha sheria ya Illinois, jimbo la mwisho lililokuwa likikataza kabisa watu kutembea na silaha. Posner alisema kwa ukavu wake wa kawaida kwamba mkazi wa Chicago yumo hatarini zaidi akipita kando ya njia katika mtaa mbaya kuliko akiwa katika nyumba yake kwenye orofa ya 35. Basi, kama haki ni ya kujilinda, kuifungia ndani ni jambo lisiloeleweka.

Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu yenyewe, kwa majaji sita dhidi ya watatu, juu ya sheria ya New York. Jaji Clarence Thomas, Mtu Mweusi mzaliwa wa Georgia, aliandika kwamba haki ya kuchukua bastola kwa ajili ya kujilinda haiishii mlangoni, na kwamba hakuna haki nyingine ya Katiba ambayo raia huipata kwa kumweleza afisa haja yake ya pekee. Majimbo yaliyoguswa na neno hilo yalikuwa sita pamoja na Wilaya ya Columbia. Mengine 44 yalikuwa yakitoa kibali kwa kila aliyetimiza masharti, au hayakutaka kibali cho chote. Jaji Stephen Breyer, akiwapinga, alianza kwa hesabu ya Wamarekani 45,222 waliouawa kwa bunduki mwaka wa 2020, na Jaji Samuel Alito akamwuliza hesabu hiyo inahusiana vipi na kesi iliyo mbele yao. Twakiri kwamba swali la Alito lilitusumbua. Waliokufa hawawezi kuwa nje ya mada.

Jambo ambalo magazeti mengi hayakuliangalia ni barua za mawakili Weusi katika kesi hiyo. Mfuko wa Utetezi wa Kisheria wa NAACP uliiunga mkono New York, ukisema sheria za namna ile huokoa maisha. Mawakili Weusi wa mashirika yanayowatetea maskini wa jiji hilohilo waliipinga New York, wakisema wanaofungwa kwa kukosa kibali ni wateja wao, yaani Weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini. Pande zote mbili zilisema kwa ajili ya watu walewale.

Tangu hapo New York imepiga marufuku silaha katika mahali pa namna nyingi, pamoja na Times Square na treni za chini ya ardhi, na hadi mwaka wa 2024 majimbo 29 yalikuwa yameacha kutaka kibali. Hukumu ya 2022 iliwataka majaji wapime kila sheria kwa mila za kale za nchi, kazi ambayo majaji wenyewe wamelalamika kwamba hawakusomea. Mwaka wa 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane walikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake aweza kunyimwa silaha. Aliyekataa ni Thomas peke yake.

Hawaii ilijaribu mwaka wa 2023 njia nyingine: mwenye silaha asiingie dukani, hotelini wala katika kiwanja cha mtu bila idhini ya wazi ya mwenyewe. Kwa hiyo mwenye duka akinyamaza, kimya chake kina maana ya la, ambapo mahali pengi kina maana ya ndiyo. Mahakama ya rufani iliikubali sehemu kubwa ya sheria hiyo mwaka wa 2024, na mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama Kuu ikakubali kuisikiliza kesi. Ili kuonyesha kwamba masharti hayo yana asili ya kale, mahakama ya rufani ilitegemea hasa sheria mbili. Moja ni ya New Jersey ya mwaka wa 1771. Ya pili ni ya Louisiana, iliyokataza kuingia na bunduki katika shamba la mtu bila ruhusa ya mwenye shamba. Ilitungwa mwaka wa 1865, na wengi waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba yale mwaka ule walikuwa watumwa walioachiwa huru muda mfupi tu uliopita.